Nyuzi za Kontrabasi ya Mama Yako

Likasi, Jumapili, tarehe 14 Septemba

Masengo binti yangu,

Umetoka baada ya chakula kwenda kuwaaga wanakwaya, na najua hutarudi upesi, kwa sababu Mama Kapinga hamwachilii mtu kabla ya kumlisha mara ya pili. Nimekaa mezani sebuleni. Kontrabasi imelala sakafuni juu ya godoro lako, imevikwa vile vikwembe viwili vya kujifunga vya mama yako kama tulivyoifunga tuliporudi kutoka kanisani. Kesho asubuhi Papa Kyungu atakuja na lori lake, ataiweka juu ya magunia ya mahindi, nawe utakaa mbele pamoja naye mpaka Lubumbashi.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Shangazi yako wa huko atakuonyesha wapi pa kuchota maji na saa ngapi geti linafungwa, na hata asipokuonyesha utaona mwenyewe. Nataka kuandika juu ya nyuzi. Siku ile ulipoziondoa nyuzi za chuma nilizokununulia, uliniuliza kwa nini nimekubali haraka hivyo, mimi ambaye kubadilisha taa tu nyumbani humu tunajadiliana siku mbili. Nikakujibu kwamba yule mzee wa okestra anajua kuliko mimi. Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili ilinishinda kusema nikikutazama usoni.

Ulipozaliwa, kontrabasi ilikuwa tayari humu ndani, kwa hiyo labda ulidhani kila nyumba ina yake. Mama yako alijifunza kuipiga kwenye misheni ya Mulungwishi, babu yako alipokuwa seremala huko. Wavulana wote waligombania tarumbeta, kwa sababu mwenye tarumbeta alitembea mbele ya watu siku za sikukuu. Kontrabasi haiwezi kutembea, ni fidla kubwa kumpita mtu, hupigwa ikiwa imesimamishwa chini. Mwalimu akamwona msichana mwenye mikono mirefu aliyekuja kumletea baba yake chakula, akamwambia ajaribu. Miaka ilipopita na mwalimu akaondoka, kanisa likampa mama yako ile kontrabasi, maana hakuna mwingine aliyejua hata pa kuishikia.

Siku zile ilikuwa na nyuzi za utumbo wa kondoo. Wakati wa mvua zililegea, wakati wa kiangazi zilikakamaa, naye alizipaka mafuta kidogo kwa kitambaa, taratibu, huku akizisemesha. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kwaya nzima iliegemea juu yake. Utakumbuka Jumapili zile umeme ulipokatika katikati ya wimbo. Sinthe, kile kinanda cha umeme, inazimika, gitaa zinazimika, vijana wanabaki wakitazama vidole vyao, na mama yako anaendelea kama vile hakuna kilichotokea, na watu wanaendelea pamoja naye mpaka mwisho. Siku moja mchungaji alisema mbele ya wote kwamba katika kanisa hili ni wawili tu wasiotegemea umeme, Roho Mtakatifu na Mama Masengo. Mama yako alicheka mpaka akaacha kupiga.

Kisha vijana wakapata jenereta. Wakaongeza na vipaza sauti viwili, kila kimoja kirefu kuliko wewe wakati ule. Tangu hapo, umeme uwepo usiwepo, mama yako hakusikika. Nilikaa benchi la nyuma nikimtazama mkono wake wa kulia ukienda na kurudi na upinde, na hakuna kilichonifikia. Miezi ile ile uzi wa mwisho wa utumbo ukakatika. Kwa Likasi yote hapakuwa na mahali pa kununua mwingine, wala hatukumjua mtu wa kumwuliza.

Mimi kazi yangu unaijua. Kuanzia Kamatanda mpaka Kakanda, mota ya kinu ikiungua waliniletea, nikazitoa nyaya zilizoungua, nikaifunga upya. Nikasema moyoni, mtu aliyefunga shaba maisha yake yote atashindwa kumfungia mke wake nyuzi nne? Nikachukua waya za breki za baiskeli, nikazinyoosha kati ya jiliwa na ndoana ya mlango, nikazizungushia waya wa shaba wa mota, mzunguko kwa mzunguko, bila kuacha nafasi hata ya unywele. Uzi mnene niliuzungushia mara mbili. Kazi ile ilinichukua siku tisa. Katika mikono yangu haijatoka kazi nzuri kuliko ile, na hata leo nikisema hivyo sisemi uongo.

Jumapili ya kwanza kontrabasi ilinguruma mpaka watoto wa mbele wakageuka. Mimi nyuma pale nilikuwa kama mtu aliyejengewa nyumba. Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza anaonaje. Akanitazama kwa ule mcheko wake wa upande mmoja.

"Papa Masengo, unataka nipige muziki ao nivute wagoni ya treni?"

Nikamwambia nataka yote mawili. Tukacheka, tukaendelea na njia.

Alisema tena mara nyingine. Mara moja akisafisha majani ya sombe alisema kwamba nyuzi zangu ni nzuri lakini zinauma kama mtoto mwenye meno mawili. Mara nyingine aliniambia kwamba Mungu akinifanya fundi wa viatu, watu wa Likasi watatembea na viatu vya bati. Nilizisimulia kazini, watu wakafurahi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mizaha yote ilikuwa juu ya kitu kimoja. Mama yako alikuwa mtu wa kusema mambo mazito akicheka, nami nilikuwa mtu wa kusikia kicheko tu. Alizipiga nyuzi zile miaka mitano.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukulijua.

Siku alipofariki, baada ya homa ile ya siku sita, wewe walikuchukua kwa jirani. Mimi nilikuwa nje, kwenye viti, pamoja na wanaume. Ndani wanawake wa kwaya walikuwa wakimwosha. Mama Kapinga akatoka akipangusa mikono, akanivuta kando ya ukuta. Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumpa mtu mwingine mzigo.

"Papa Masengo, pardon. Mukono ya kushoto ya mama, aliunguaka na nini?"

Nikamwambia hakuwahi kuungua.

"Basi bidole biko nyeusi, na ngumu sawa ya fundi. Mbili biko na kidonda ya zamani."

Yeye ndiye aliyeelewa kabla yangu, kwa sababu alikuwa amesimama kando yake kwenye kwaya miaka yote. Akaniwekea mkono begani.

"Ni ile mukuba," akasema, maana yake ile shaba yangu. "Alitukatazaka kukuambia. Alisema ulifurahi sana."

Masengo, nimeishi na mama yako miaka kumi na tisa. Nilikula kutoka mikono ile. Mkono wake wa kushoto niliushika hospitalini siku sita, nikahesabu pumzi zake, na vidole sikuvitazama. Sikuwa mume mbaya, na sikuandikii ili unihukumu au uniambie si kitu. Nakuandikia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchagulia nyuzi kwa ajili ya masikio yangu mimi niliyekaa benchi la nyuma. Aliyezibonyeza sikumwuliza.

Baada ya matanga niliingia chumbani nikazifungua zote nne kwa mara moja, kwa hasira, na hapo nikafanya kosa la pili. Yeye alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja kwamba uzi hubadilishwa mmoja mmoja, kwa sababu ndani ya tumbo la kontrabasi kuna nguzo ndogo ya mti ambayo haikugundishwa, inasimama kwa kubanwa tu, na nyuzi ndizo zinazoikaza. Nikaisikia ikianguka na kubingirika. Niliketi kitandani nikiwa na shaba mapajani, na kontrabasi ikawa kama debe. Ilinibidi kuirudisha nguzo kwa waya uliopindwa, kupitia tundu la mbele, nikichungulia kwa tochi. Iliniangukia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Ilipokubali kusimama nilishukuru kwa sauti, peke yangu chumbani.

Wewe ulidhani niliziondoa nyuzi kwa sababu ya huzuni. Ulipofikisha miaka kumi na saba ukaanza kuizunguka kontrabasi bila kuigusa, na Mama Kapinga akatafuta kwa watu wa Mulungwishi hadi akapata nyuzi nyepesi zilizotumika, ambazo umezipiga mpaka mwaka huu. Ulipojifunza, mimi nilikuwa karakana nikijifanya nina kazi. Sikukufundisha chochote, ila ile habari ya uzi mmoja mmoja. Nafikiri nililirudia neno hilo kila wiki, nawe ulivumilia.

Kisha ikaja barua ya okestra ya Lubumbashi, kwamba wanahitaji mtu mmoja wa kontrabasi, na kwamba Alhamisi hii watakusikiliza wewe na yule kijana wa Kolwezi. Nyuzi zako zilikuwa zimechoka. Uzi wa tatu ulianza kufumuka. Na mimi, mwanangu, baada ya yote niliyokwisha kukuandikia hapa, nilifanya nini? Nilimtuma Papa Kyungu aniletee kutoka Lubumbashi nyuzi za chuma, mpya, zenye nguvu kuliko zote dukani. Nilimwambia hivyo hivyo, zenye nguvu kuliko zote. Niliwaza ule ukumbi mkubwa, na yule kijana ambaye wanasema kontrabasi yake ni mpya. Nikasema watakusikia tu wakipenda wasipende. Mtu anaweza kulijua kosa lake kwa miaka minne na bado mguu ukaenda njia ile ile.

Ulisema asante, ukazifunga. Kwa wiki mbili nyumba ilitetemeka, nami nilifurahi.

Ile Jumamosi ya ugali wa bukari na dagaa za kapenta, ulinawa mkono wa kulia peke yake. Uliuweka wa kushoto chini ya meza kwa adabu kabisa, kama mgeni. Ungekuwa umeuweka mezani labda nisingeona. Nilikuambia unionyeshe. Ukasema si kitu, papa, kula, chakula kinapoa. Nikakuambia tena. Ulipoutoa nikaona vile vipande vya plasta kwenye vidole vitatu, na kimoja kimeloa.

Unakumbuka niliacha kula, ukadhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimesimama tena kando ya ukuta pamoja na Mama Kapinga. Lakini safari hii mwenye mkono alikuwa mbele yangu, anakula, anaweza kujibu. Nikakuuliza kama inauma.

"Kiloko tu, papa, kidogo tu."

"Sema kweli, mama."

Ukatazama sahani. "Papa, iko nguvu kunipita. Niliogopa utahuzunika."

Nilitoka uani. Nilikuambia naenda kumwangalia kuku. Tangu mama yako aondoke, sijapewa kitu kikubwa kama maneno yale, na nilihitaji nafasi ya kukipokea.

Ndipo tukampigia simu yule mzee mkubwa wa kontrabasi wa okestra, Papa Alphonse, tukaiweka simu mezani sote tusikie. Alikuuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kumwuliza mama yako hata moja. Mkono wako una urefu gani. Nyuzi ziko juu ya shingo kiasi gani, kidole kimoja au viwili. Mti umezeeka kiasi gani, na je, kuna ufa. Ulipomwambia ule ufa wa mbele ulioanza kufunguka zamani, wakati wa waya zangu za breki, ambao niliugundisha nikadhani umekwisha, akasema usiendelee kuuvuta mti huo kwa chuma, utapasuka. Akasema anazo nyuzi laini alizozitoa kwenye kontrabasi yake mwaka jana, atazituma na Papa Kyungu. Zimekwisha kuvutika, hazitashuka sauti siku ya kusikilizwa kama zingekuwa mpya.

Sikujizuia. Nikamwuliza kama kwa nyuzi laini watakusikia.

Yule mzee akacheka. "Papa, sisi tunapigaka batatu pamoja. Kama unamusikia yeye peke yake, njo amekosa."

Nitakuambia ukweli. Zilipofika, zimefungwa kwenye gazeti, zimefifia rangi, huku zangu mpya zikiwa bado zinang'aa kwenye kontrabasi, moyo wangu ulikataa. Nyuzi zilizotupwa na mtu nisiyemjua, kwa binti yangu, kwa siku kama ile. Ulipoanza kufungua wa kwanza nilinyoosha mkono nikaze skurubu, nawe ukaniambia nikuachie upandishe mwenyewe, "Papa, leka. Minye njo nitaipandisha." Nikauweka mkono wangu mfukoni. Ulifanya mmoja mmoja, ukipandisha na kusikiliza, ukipandisha na kusikiliza, na mahali fulani kwenye uzi wa pili ulianza kuzisemesha. Sidhani ulijijua. Mimi nilikaa. Kazi yangu jioni ile ilikuwa kukaa, na niliifanya.

Leo asubuhi nilikuwa benchi la nyuma kama kawaida. Wimbo wa kwanza sikukusikia, nikaanza kuhesabu siku mpaka Alhamisi. Wimbo wa pili, yule Trésor wa sinthe aligeuza shingo akakutazama, kisha akanyoosha kidole akapunguza sauti yake. Hakuna aliyemwomba, nilikuwa nikiangalia. Akapunguza tena kidogo. Mwenye gitaa akamtazama Trésor, naye akapunguza. Nikakusikia. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya chini, haikumgeuza mtoto yeyote, na wanawake wa safu ya kwanza waliinua vichwa wakaimba wakiwa wamesimama vizuri zaidi. Mimi sikuimba. Nilikuwa na kazi ya kusikiliza.

Sitaki uchukue hili kama ahadi. Huko Lubumbashi labda hakuna atakayepunguza. Trésor amekujua tangu shule ya msingi, na labda alipunguza kwa sababu ni siku yako ya mwisho. Huenda Alhamisi wakamchagua yule kijana. Ikiwa hivyo, utarudi na lori lile lile, kontrabasi itaingia kwa mlango huu, nami sitakuambia kwamba chuma kingewashinda. Nimejizoeza kutolisema. Wakikuchukua, nitalifurahia mpaka majirani wachoke.

Zile nyuzi za chuma nimezirudisha kwenye pakiti zake, nimeziweka chini ya nguo zako. Si kwa sababu nataka uzifunge. Ni zako, na vidole ni vyako, na utakuwa na miaka mingi ya kujua unataka sauti gani. Ukizitaka siku moja, zifunge. Ukitaka kumpa mtu, mpe, wala usinipigie simu kuniomba ruhusa. Zile za shaba nilizomtengenezea mama yako zitabaki hapa karakana. Kuna siku huzitoa nikazitazama. Ni kazi safi sana, na zilimuumiza, na nimeacha kuchagua kati ya mambo hayo mawili.

Kwa hayo yote sina neno kubwa la kukupa. Wewe umefanana na mama yako, utaficha mkono chini ya meza ili mtu aliyekupa kitu asihuzunike. Utakutana na watu wazuri watakaokupa vitu vizito kwa moyo mweupe, kama mimi. Uwaambie. Uwaambie hata kwa mzaha kama mzaha ndio unaokuja, lakini wakicheka tu wakapita, uwaambie mara ya pili bila mzaha. Mimi uliniambia, nami nilihuzunika siku moja, kisha nikalala vizuri kuliko nilivyolala miaka minne.

Nyumba itakuwa kimya kuanzia kesho, nami siuogopi ukimya huo. Mama Kapinga amekwisha kusema atanipitia kila Jumatano na chungu, hata nikikataa, na kuna mota tatu za vinu zinaningoja. Usinihurumie. Nikikaa hapa nikijua kwamba mahali fulani unabonyeza nyuzi zisizokuumiza, mimi ni mtu mwenye furaha, hata kama siwezi kukusikia.

Nasikia watu wanacheka barabarani, nadhani ni ninyi. Naacha hapa nikunje karatasi.

Usinikumbuke kila siku, utachoka, na una mengi ya kujifunza. Jumapili, ibada ikianza, nikumbuke kidogo. Inanitosha.

Mimi papa yako